Gari la Damu ya Mzee

3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikwambia nimehamia chumba cha mbele, wewe ukasikia nimeumia, ukaja na basi la asubuhi umebeba bandeji. Kwa hiyo naandika.

Nina rafiki kazini ana shida ndogo ya rangi ya gari. Nikamwambia mjomba wangu alipiga rangi magari miaka thelathini na tisa, mpaka watu wakaliacha jina lake wakawa wanamwita Msasa. Shida yenyewe ni hii. Baba mkwe wa huyo rafiki amelazwa hospitali ya mji mwingine, anafanyiwa upasuaji wa macho, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Mume wa rafiki yangu amekwenda kumuuguza. Gari la mzee limebaki uani. Ni la zamani, rangi ya damu ya mzee, na mwenyewe analipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu. Rafiki yangu huu ni mwaka wake wa pili katika nyumba ile na mzee bado anamwita "huyu". "Huyu amepika?" "Huyu ameondoka?" Basi akawaza, nikiling'arisha gari, mzee akirudi na macho mapya, labda nitapata jina.

Akaenda duka la spea kununua kompaundi. Muuzaji akamuuliza anataka kali au laini, naye akachagua kali, maana gari lilikuwa limefifia sana. Jumapili saa saba mchana akaipaka kwenye boneti, akasugua kwa taulo kwa nguvu zake zote. Dawa ikakauka ikawa kama chokaa. Nikaongeza nguvu. Yaani akaongeza. Ilipotoka, palibaki duara la ukubwa wa sinia, halina mng'ao hata kidogo, limejaa mistari kama utando wa buibui.

Je, huyo rafiki ahame mji?

Mpwa wako


7 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe pole rafiki yako. Nimefurahi kujua kwamba ana mwandiko kama wako, baba mkwe anayepasuliwa macho wiki moja na wako, na gari la rangi ileile nililopanda siku ya harusi yako. Mkikutana kazini msalimie, halafu mwambie asiguse kitu mpaka amalize kusoma barua hii.

Kompaundi si sabuni wala si mafuta. Ni mchanga. Mchanga mwembamba sana uliochanganywa kwenye losheni ili usiogopeshe watu, lakini mchanga. Watu wanadhani inajaza mikwaruzo. Haijazi. Inakwangua rangi iliyo pembeni ya mkwaruzo mpaka pembeni na katikati palingane, basi jicho linaona pametulia. Kila unaposugua, rangi inapungua, na iliyoondoka hairudi. Ile kali inakata haraka lakini inaacha mistari yake yenyewe. Ndiyo maana baada yake unatumia laini, kufuta mistari ya kali, halafu polishi, ambayo ni laini zaidi, kufuta mistari ya laini. Mwisho kabisa unapaka nta. Nta haikati chochote. Inafunika tu, kama manukato kwa mtu aliyekwisha kuoga. Wewe (samahani, rafiki yako) ametumia ile ya kwanza na kwenda kulala.

Tena ameifanya juani. Bati la moto linakausha dawa kabla haijafanya kazi, kwa hiyo alikuwa anasugua vumbi juu ya rangi. Na kwa taulo. Taulo la kuogea au la jikoni? Usinijibu.

Osha gari. Lisogeze kivulini, usubiri bati lipoe mpaka uweze kulilazia shavu. Nunua kompaundi laini, na sponji. Dawa iwe kidogo, ukubwa wa punje tatu za mahindi. Sugua eneo la kiganja kimoja kimoja, taratibu, huku ukifuta na kuangalia. Duara lako litaondoka, si janga. Ukikuta mkwaruzo, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukipita bila kukwama, polishi itauondoa. Ukikwama, huo umeshuka chini mno, achana nao.

Na usizimie ukiona kitambaa kimegeuka damu ya mzee. Magari ya zamani hayana ile koti ya juu inayoangaza kama kioo. Rangi yake ni moja tu kutoka juu hadi chini, lazima kidogo ije na kitambaa. Ila kikigeuka rangi nyingine yoyote, nitumie hicho kitambaa.

Mjomba wako, Msasa


11 Juni

Mjomba,

Ni mimi. Ni gari la baba mkwe. Taulo lilikuwa la kuogea, na lilikuwa la kwake.

Nimefanya ulivyosema na duara limepungua, sasa ni la ukubwa wa kisahani na ukisimama upande wa jua hulioni. Nilifurahi hata nikaanza kuimba. Paa likang'aa. Boneti ikang'aa. Nikahamia mlango wa kushoto, na hapo ndipo nilipoharibu maisha yangu.

Mjomba, nilisugua taratibu, kivulini, punje tatu za mahindi. Kitambaa kikageuka kahawia. Si damu ya mzee, kahawia kama udongo wa mfinyanzi. Nikafuta niangalie, nikakuta mkwaruzo wa urefu wa mkono wangu mzima. Nikasugua pembeni, ukatokea wa pili chini yake. Nikaacha. Naapa haikuwapo nilipoanza. Nimepitisha ukucha, ukucha umekwama na umekatika.

Kitambaa nimekitia humu ndani ya bahasha. Samahani kwa harufu.

Na hujui ninaishi na mtu wa namna gani. Baba mkwe alikuwa mpima ardhi. Mpaka leo akiingia chumba cha watu anaangalia kama picha ukutani imenyooka. Mwaka jana aliona mkwaruzo mdogo kwenye gari, akasema ni paka wa jirani. Jirani yetu ni nesi mstaafu, mama mmoja mpole, ana paka mnene asiyeweza kuruka hata kwenye kiti. Mzee alimwendea kwenye ukuta unaotutenganisha naye akamwambia mbele ya watu kwamba paka wake ni mhalifu. Tangu siku ile, miezi kumi na minne, hawasemezani. Mimi mwenyewe nimekatazwa kumsalimia, basi huwa tunasalimiana kwa nyusi. Haya yote kwa mkwaruzo mmoja, tena mdogo. Mimi nimechimba miwili, na anarudi tarehe 24.

Ukucha wangu hautaota kabla ya hapo. Na mlango je?

Mpwa wako


14 Juni

Mpwa wangu,

Acha kulia, unalowesha karatasi.

Kitambaa nimekipata. Mhudumu wa posta alinikabidhi akiwa amekishika kwa ncha za vidole. Nimekinusa mara tatu, nikakipaka kwenye kiatu changu cha kulia. Kiatu kinang'aa, nakwenda nacho msikitini. Mpwa wangu, hiyo ni dawa ya viatu. Kahawia. Si rangi ya gari, wala hukuchimba kitu. Mikwaruzo ilikuwapo zamani. Mtu aliipaka dawa ya viatu ikajaa ndani, akaifuta juu, ikatulia. Wewe na mchanga wako mmeifukua.

Sasa tulia ufikiri kama fundi. Mikwaruzo imelala au imesimama? Imenyooka au imepinda? Paka akikwaruza, anaacha mistari mifupi, mitatu minne pamoja, imepinda, juu ya boneti anakotafuta joto. Hatembei kando ya mlango kama mtu anayepiga mstari kwa rula. Chukua futi, pima kutoka chini mpaka kwenye mkwaruzo. Halafu zunguka uani na futi yako, utafute kitu chochote kigumu kilicho kwenye kimo hicho, uangalie kama kimebeba rangi.

Halafu niambie. Hapa kwetu hakuna jipya, kwa hiyo usichelewe.

Msasa


17 Juni

Mjomba,

Sentimita sitini na moja. Nimepima kwa futi ya mzee mwenyewe, ile ya ngozi ambayo hatushiki.

Nguzo ya geti, upande wa kushoto ukiwa unaingia, ina bawaba kubwa, na bawaba ina nati iliyochomoza. Iko sentimita sitini na moja kutoka chini. Imeganda rangi ya damu ya mzee, tabaka juu ya tabaka, kama nta ya mshumaa. Nilifungua droo ya gari kutafuta leso ya kufutia, nikakuta kopo la dawa ya viatu, kahawia, limebaki robo, na mswaki wa zamani. Mzee havai viatu vya kahawia. Ana jozi mbili na zote nyeusi.

Nilikuwa nimechuchumaa pale getini na futi mkononi nikasikia mtu anakohoa. Nesi alikuwa amesimama upande wake wa ukuta na bakuli la maji ya kumwagilia maua. Miezi kumi na minne sijasikia sauti yake kwa karibu.

"Umeiona," akasema.

Nikamuuliza nimeona nini.

"Hiyo nati. Mimi nilimwona akiigonga mara tatu. Mara ya tatu alishuka, akaitazama nguzo, akapapasa mlango kwa kiganja mpaka akapata mahali penyewe. Alipapasa, mwanangu. Hakutazama."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali paka wake asingiziwe.

Akamwaga maji kwenye ua moja kwa muda mrefu mpaka likazama. Akasema, "Wiki moja kabla ya hayo mambo ya paka, nilimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nimeuguza macho miaka kumi na tisa, nayaona kwa mbali. Akaniambia yeye amepima nusu ya wilaya hii kwa macho hayo na hajawahi kukosea hata hatua moja. Akaondoka. Wiki iliyofuata akaja na kesi ya paka. Nikaona, akitaka kumkasirikia paka, amkasirikie. Paka haumii."

Kumbe ndiyo sababu alikataa hospitali mwaka mzima, mpaka mume wangu akamdanganya kwamba wanakwenda harusini. Walipofika mlangoni kwa daktari mzee akauliza bibi harusi yuko wapi.

Sasa mjomba, nifanyeje? Mume wangu amepiga simu leo. Bandeji ya kwanza imetolewa, na mzee anawasomea wagonjwa wote vibao vya ukutani kwa sauti, hata vile vya chooni. Akirudi ataona mlango. Nikirudisha dawa ya viatu kwenye mikwaruzo, kopo lililobaki linatosha. Nimeshika mswaki mara mbili nikauweka chini. Je, nirudishe kama ilivyokuwa? Au nimwambie mume wangu aongee naye? Yeye anasema mambo ya gari hayamhusu, anayemhusu ni mgonjwa tu.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa wangu,

Nitakusimulia jambo ambalo hata mama yako halijui.

Unadhani niliacha kazi kwa sababu ya mgongo. Niliacha kwa sababu ya gari la kubebea maiti. Mwenye gari alikuja akaniambia anataka kijivu. Mimi nilisikia kijani. Compressor, ile mashine ya upepo, ilikuwa inanguruma, na hata isingenguruma, masikio yalikuwa yamekwisha kwenda miaka mitatu nyuma na sikutaka kusema. Nikalipiga kijani, kijani cha chungwa bichi, kazi safi kabisa, unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Siku alipokuja kulichukua, palikuwa na msiba unamsubiri. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema vibaya. Nikashikilia hivyo mbele ya mafundi wote. Nikamnunia mtu wa watu miaka miwili, ananisalimia nageuza uso.

Marehemu mke wangu alijua. Hakuniambia "husikii", hata mara moja. Alianza tu kuandika mambo nyuma ya kalenda na kuiacha mezani. "Wageni saa kumi." "Sukari imekwisha." Mwezi mzima nilijifanya sioni kwa nini anaandika. Mwezi wa pili nikaanza kumjibu hapohapo chini. Siku moja nikaandika: "Yule bwana alisema kijivu." Yeye akaandika: "Ndiyo." Basi. Nikavaa viatu nikaenda kumwomba radhi.

Kwa hiyo usirudishe dawa ya viatu. Na usimtume mtu akaseme naye, wala usiseme wewe. Maliza gari lote. Mlango ule uoshe kwa sabuni mpaka kahawia yote itoke, uupake nta, uuache kama ulivyo. Mikwaruzo ya kina kile hata mimi nisingeiondoa kwa mchanga. Ningefika kwenye bati kabla haijakwisha. Inatakiwa kujazwa rangi kwa brashi ya nywele tatu, na hiyo si kazi yako.

Halafu futi umrudishie mahali pake. Anza kula vizuri, mwandiko wako umekonda.

Msasa


30 Juni

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Hatujaandikiana tangu harusi, na siku ile nakumbuka tulizungumza kwa muda mrefu bila mmoja wetu kumwelewa mwenzake. Sasa najua upande wako sababu ilikuwa nini. Upande wangu ni kwamba nilidhani nazungumza na kaka yako.

Nimerejea tarehe 24, saa tano asubuhi. Nitaeleza kwa mpangilio.

Gari lilikuwa kivulini. Mkwe, sikulijua. Mwanangu alinishika mkono, nikadhani mgeni ametutembelea na gari jekundu. Miaka hii yote nilikuwa naliona kahawia. Daktari ameniambia ugonjwa ule hupaka kila kitu rangi ya chai. Nilikuwa nakunywa maziwa nikidhani ni chai, na nikamlaumu sana mkamwana kwa chai isiyo na ladha. Nililizunguka gari kwa kuanzia kulia. Nikaona uso wangu kwenye boneti, nikaona nimezeeka kuliko nilivyokuwa nimearifiwa. Pana alama ya ukubwa wa kisahani karibu na taa, nikauliza, akaniambia palepale, "Ni mimi, baba. Nilitumia kali, juani, na taulo lako." Nikaendelea kuzunguka, nikafika mlango wa kushoto.

Mikwaruzo saba. Nimeihesabu. Nilikuwa najua mitatu.

Mwanangu akafungua mdomo, mkewe akamkanyaga mguu. Niliona. Naona kila kitu sasa, jambo ambalo bado hawajalizoea. Nikaenda mwenyewe getini, nikachuchumaa kwenye ile nati. Nikaomba futi. Akaenda kuileta ndani, imekunjwa vizuri kuliko ninavyoikunja mimi. Nikapima mlango, nikapima nguzo. Nikawaambia, "Sitini na moja." Mkamwana akasema, "Ndiyo, baba," kama mtu aliyeijua namba hiyo tangu zamani. Tukaingia kula.

Siku ya pili nilivaa koti, nikaenda kwa jirani yangu Nesi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kutosha. Aliponifungulia nikayasahau, nikasema, "Paka wako hana kosa."

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza kwa nini hakunikumbusha habari ya macho, yeye mwenye ujuzi.

Akasema, "Nilisema mara moja, ukaninunia miezi kumi na minne. Ningesema mara ya pili ungehama."

Akaniketisha kwenye mwanga, akanifunua kope, akatazama kazi ya daktari, akasema wameshona vizuri. Kisha akaniletea chupa ya dawa yenye maandishi madogo kama chawa, akaniamuru nisome. Nilisoma yote. Nilipofika mwisho nikamwambia dawa hii imepita wakati tangu mwaka juzi, naye akaichukua akaitupa. Paka alikuja akalala juu ya kiatu changu. Ni mzito sana. Sielewi nilifikiri anaweza kupanda boneti kwa njia gani.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua hii. Nilimuuliza mkamwana namna ya kuondoa mikwaruzo saba. Akanieleza habari ya mchanga, kali na laini, na ukucha, kwa ufasaha ambao sijausikia hata kwa wahandisi. Nikamuuliza amejifunza wapi, akasema kwa mjomba wake, na kwamba ile ya kina ni kazi ya brashi ya nywele tatu na si ya kila mtu. Nakuomba uje na hiyo brashi. Kaa upendavyo. Mkamwana atakuachia chumba cha mbele. Nimejifunza jina lake, na ninalitumia, ingawa mara ya kwanza nilipomwita aliangusha sufuria.

Jana Jumapili nimeendesha gari kwa mara ya kwanza. Mwanangu alitaka kushika usukani, nikamkatalia. Nesi alikaa mbele, mkamwana nyuma na mumewe. Kutoka getini nilipita katikati kabisa, pande zote mbili nafasi sawa, na nilisimama kuhakikisha. Barabarani nilikwenda polepole. Si woga, mkwe. Kila duka lina maandishi. Kuna kinyozi ambaye amechora vichwa kumi na viwili mlangoni pake, kila kimoja na namba yake. Kuna mama anayeuza ndoo za rangi ambazo sikujua zinatengenezwa. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Mzee, endesha," Nesi akasema.

Nikamwambia, "Ninasoma."

Akatazama nje upande wake. Baada ya muda naye akaanza kunionyesha vibao ambavyo nilikuwa napitwa navyo, kile cha fundi saa, kile cha daktari wa meno chenye jino lililo na miguu, na mkamwana kule nyuma akawa anasoma vya upande wa kulia. Tukafika sokoni baada ya saa nzima, mwendo ambao kwa miguu ni dakika ishirini. Ndani ya gari hakuna aliyelalamika.

Ni mimi mkwe wako,
Mpima mstaafu